Nabi au Gamondi: Ni Kocha Yupi wa Yanga Aliyewaumiza Simba Zaidi?

Kuna mabishano ya soka yasiyokwisha kwa sababu kila mtu huja na hesabu yake mkononi. Muulize shabiki wa Simba ni kocha yupi wa Yanga aliyemnyima usingizi zaidi, Nasreddine Nabi au Miguel Gamondi, na mara moja atakutajia mabao 5-1. Muulize wa pili aliyekaa kando yake, atakuambia mwenye makosa ni Nabi, kwa kuwa ndiye aliyevunja utawala wa Msimbazi. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana ubishi hauishi. Leo tutaufungua mmoja mmoja, kwa tarehe na kwa tarakimu, tuone kila hesabu inasema nini na inaficha nini.

Pengine msomaji wa Mombasa au Malindi atashangaa kwa nini swali la Kariakoo liandikwe kutoka Lodwar. Jibu ni jepesi. Kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya mji huu iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei leo inahifadhi watu zaidi ya 200,000. Miongoni mwao wamo Wakongo na Warundi wengi, watu wa Kiswahili na watu wa mpira. Fiston Mayele na Maxi Nzengeli waliotamba Yanga ni Wakongo. Henock Inonga aliyekuwa nguzo ya ulinzi wa Simba ni Mkongo vilevile. Saido Ntibazonkiza, Mrundi, amevaa jezi zote mbili. Kwa hivyo dabi ya Dar es Salaam ina wenyewe hadi huku kwenye mchanga wa Turkana.

Ipo na sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Namna tunavyowapima makocha wakubwa wa televisheni ndiyo namna tunavyowapima walimu wanaofundisha timu za shule zetu. Tukikosea huko, huku tunamuumiza mtu ambaye hana hata fidia ya kuvunjiwa mkataba.

Kila mmoja alikuta nini

Kabla ya kuhesabu ushindi, uliza kwanza mtu alikabidhiwa nini. Nabi, raia wa Tunisia, alitangazwa na Yanga mwezi Aprili 2021, baada ya klabu kuachana na Mrundi Cedric Kaze. Yanga ilikuwa haijaonja ubingwa wa ligi tangu msimu wa 2016/17. Simba walikuwa njiani kuchukua taji la nne mfululizo, na katika Ligi ya Mabingwa Afrika walikuwa wamefika robo fainali. Kwa ufupi, Nabi aliingia katika nyumba yenye njaa huku jirani akipika pilau kila mwaka.

Gamondi, raia wa Argentina, alifika Juni 2023 akakuta karamu. Kabatini mlikuwa na mataji mawili ya ligi yaliyofuatana, na timu ilikuwa imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hata hivyo, karamu ile ilikuwa na viti vitupu. Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri. Feisal Salum, yule Fei Toto wa Zanzibar, alikwenda Azam. Yannick Bangala na Djuma Shaban nao waliondoka. Badala yao wakaja watu kama Nzengeli, Pacôme Zouzoua na Yao Kouassi, na Stephane Aziz Ki, aliyekuwapo tangu enzi ya Nabi, akapewa usukani wa mashambulizi.

Waswahili wamesema usione vyaelea, vimeundwa. Nabi aliunda chombo, Gamondi akakirithi na kubadilisha nusu ya mbao zake kikiwa tayari kimo majini. Kazi hizi mbili ni ngumu zote, lakini hazifanani, na takwimu za jumla huzichanganya kana kwamba ni moja.

Uso kwa uso na Simba

Sasa twende kwenye daftari la watani wa jadi. Nabi alikutana na Simba mara 9 katika mashindano rasmi. Julai 3, 2021 alishinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya. Siku 22 baadaye, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania iliyochezwa Kigoma, Simba walilipa 1-0. Septemba 2021 Nabi alitwaa Ngao ya Jamii kwa bao la Mayele. Dabi mbili za ligi za msimu wa 2021/22 zote zilikwisha 0-0. Mei 28, 2022, jijini Mwanza, Fei Toto aliwatoa Simba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwa 1-0. Agosti 2022 Yanga walichukua tena Ngao kwa 2-1, mabao yote mawili ya Mayele. Oktoba 2022 ikawa 1-1, na Aprili 16, 2023 Simba wakashinda 2-0 kupitia Inonga na Kibu Denis.

Jumlisha: Nabi ameshinda 4, ametoka sare 3, amepoteza 2. Yanga walifunga mabao 6, Simba 5.

Gamondi alikutana na Simba mara 5. Agosti 2023, mjini Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii iliisha 0-0 na Simba wakashinda kwa matuta 3-1. Novemba 5, 2023 ndiyo siku ya 5-1, mechi ambayo hadi mapumziko ilikuwa 1-1 kabla ya Yanga kufumua manne kipindi cha pili. Aprili 20, 2024 Yanga walishinda 2-1. Agosti 2024, nusu fainali ya Ngao, walishinda 1-0, na Oktoba 19, 2024 wakashinda tena 1-0 katika ligi.

Jumlisha: Gamondi ameshinda 4 na sare 1 ambayo alipoteza kwa penalti. Mabao 9 kwa 2.

Hapo wengi hufunga daftari na kumpa Gamondi ushindi. Subiri kidogo. Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama ile 5-1 inabeba hesabu yote peke yake. Iondoe. Zinabaki mechi nne, ushindi tatu, sare moja, mabao 4 kwa 1. Bado Gamondi anasimama imara. Kwa hivyo madai kwamba alibebwa na siku moja ya bahati hayana mashiko.

Jambo la pili ni aina ya mechi. Katika ligi peke yake, Nabi alicheza na Simba mara tano: ushindi mmoja, sare tatu, kipigo kimoja. Ushindi wake mwingine wote ulikuja katika Ngao na Kombe la Shirikisho. Gamondi katika ligi alicheza mara tatu na kushinda zote, mabao 8 kwa 2.

Bingwa asiyemfunga mtani wake

Hapa ndipo hesabu inapofichua jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Katika misimu yote miwili aliyotwaa ubingwa, Nabi hakuwafunga Simba hata mara moja kwenye ligi. Msimu wa 2021/22 alipata sare mbili. Msimu wa 2022/23 alipata sare moja na kupoteza moja. Ila ubingwa aliuchukua, tena kwa pointi 74 dhidi ya 61 za Simba msimu wa kwanza, na 78 dhidi ya 73 msimu wa pili.

Aliwezaje? Kwa kutowadharau wadogo. Msimu wa 2021/22 Yanga walimaliza mechi 30 bila kupoteza hata moja, jambo ambalo mashabiki wa Kenya wanalikumbuka kwa Gor Mahia ya Frank Nuttall mwaka 2015. Mwendo ule wa Nabi ulifika mechi 49 za ligi bila kufungwa, hadi Ihefu walipoukata kwa 2-1 mnamo Novemba 29, 2022. Pointi tatu za Mbeya au za Kagera zina uzito uleule wa pointi tatu za Msimbazi, isipokuwa hazipigiwi tarumbeta.

Gamondi alikuwa kinyume chake. Msimu wa 2023/24 alimaliza na pointi 80, akishinda mechi 26, sare 2, kupoteza 2. Simba na Azam walimaliza na 69 kila mmoja. Tofauti ya pointi 11 ni kubwa, lakini tazama ilivyojengeka. Mechi mbili dhidi ya Simba zilimpa pointi sita. Kama matokeo yale mawili yangegeuka, Yanga wangekuwa na 74 na Simba 75. Maana yake ni kwamba taji la Gamondi lilipita moja kwa moja juu ya mgongo wa Simba, ilhali mataji ya Nabi yalipita pembeni.

Sasa waona kwa nini mashabiki wawili wa Simba waweza kubishana hadi usiku wa manane na wote wakawa wanasema kweli. Mmoja anapima kilichopotea kabatini. Mwingine anapima maumivu ya siku ya mechi.

Vikombe na safari za Afrika

Kwa vikombe, Nabi ana sita katika miezi 26 hivi: ligi mbili, Kombe la Shirikisho la Tanzania mara mbili, na Ngao mbili. Gamondi ana vitatu katika miezi 17 hivi: ligi moja, Kombe la Shirikisho moja, Ngao moja. Ukitaja sita kwa tatu, Nabi yuko mbele mara dufu. Lakini vikombe vikubwa hugawiwa mwisho wa msimu, na Gamondi alikamilisha msimu mmoja tu. Aliondolewa Novemba 2024, wiki chache baada ya Yanga kushinda mechi zote 8 za mwanzo wa ligi. Alipoteza mbili mfululizo, 1-0 kwa Azam na 3-1 kwa Tabora United, na mlango ukafungwa. Kwa hesabu ya misimu iliyokamilika, kila mmoja aliondoka na ligi na Kombe la Shirikisho kila msimu. Hapo wako sawa.

Afrika nako kila mmoja ana lake. Nabi alitolewa mapema Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan mwaka 2022, akashuka Kombe la Shirikisho Afrika na kufika fainali. Walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger Mei 28, 2023, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe likawakosa kwa kanuni ya bao la ugenini. Gamondi aliifikisha Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, kisha robo fainali. Huko walitoka 0-0 mara mbili na Mamelodi Sundowns na kutolewa kwa penalti 3-2, baada ya mkwaju wa Aziz Ki uliogonga mwamba na kudunda kukataliwa kuwa bao, jambo linalobishaniwa hadi leo.

Matuta yasipimie kocha

Penalti zastahili neno la peke yake. Mwaka 2022 Nabi alichukua Kombe la Shirikisho kwa matuta mjini Arusha baada ya sare ya 3-3 na wenzetu wa pwani, Coastal Union ya Tanga. Gamondi alilichukua kombe hilohilo kwa matuta mwaka 2024 dhidi ya Azam, uwanja wa Amaan, Zanzibar. Huyohuyo Gamondi alipoteza Ngao kwa matuta na akatolewa Afrika kwa matuta.

Watu wa Kakuma wanajua uzito wa mkwaju mmoja. Awer Mabil, aliyezaliwa kambini humo mwaka 1995 kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, alifunga penalti Juni 2022 Australia ilipoitoa Peru kwa matuta 5-4 na kufuzu Kombe la Dunia. Mguu wake ungeteleza, kocha wa Australia angeitwa aliyeshindwa, wakati kazi yake ya miaka ile yote ingebaki ileile. Kwa hivyo unapolinganisha makocha, iandike mechi ya matuta kama sare, kisha kikombe ukihesabu pembeni. Ukifanya hivyo, Gamondi hakuwahi kufungwa na Simba ndani ya dakika 90.

Ukurasa ambao Simba hawaupendi

Limebaki swali moja ambalo kwenye vibaraza haliulizwi mara nyingi: upande wa pili alikaa nani? Katika zile mechi 9, Nabi alikuwa mtu mmoja. Simba walimletea makocha watano. Didier Gomes alikuwapo mechi tatu za mwanzo. Pablo Franco alikuwapo tatu zilizofuata, na siku tatu baada ya kutolewa Mwanza akaachishwa kazi. Zoran Maki alikuwapo moja, Juma Mgunda moja, Roberto Oliveira, yaani Robertinho, moja.

Kwa Gamondi mambo yakawa yaleyale. Robertinho alimkuta mara mbili, akafukuzwa siku mbili baada ya 5-1. Akaja Abdelhak Benchikha, mtu yuleyule aliyekuwa kocha wa USM Alger walipoinyima Yanga kombe la Afrika. Waliomleta walijua kwamba dawa ya Yanga anayo. Alipoteza 2-1 Aprili 2024, na mwisho wa mwezi uo huo akaondoka, klabu ikieleza kuwa ni kwa sababu za kifamilia. Kisha akaja Fadlu Davids, naye akapoteza mara mbili dhidi ya Gamondi.

Kwa hiyo tunaposema Nabi alipata kadhaa na Gamondi kadhaa, nusu ya rekodi hiyo imeandikwa na Simba wenyewe. Kila kocha mpya alikuja na mfumo wake na wachezaji wake, na kabla ya kuwajua kwa majina alikuwa ameshapimwa kwa dabi. Timu inayomfukuza mwalimu kila inapofungwa na jirani humsaidia jirani kushinda mara ya pili. Na Yanga nao, walipomtoa Gamondi kwa vipigo viwili, walionja dawa hiyohiyo: aliyemrithi, Sead Ramović, aliondoka Februari 2025, na taji la msimu ule likamaliziwa na mtu wa tatu, Miloud Hamdi.

Hukumu

Nikiulizwa, nitajibu hivi. Nabi ndiye aliyewanyang'anya Simba enzi yao. Alikuta klabu iliyosahau ubingwa, akaiacha ikiuona kama haki yake. Gamondi ndiye aliyewaumiza Simba uwanjani, mechi kwa mechi, pasipo kufungwa hata moja ndani ya dakika 90, na alifanya hivyo na kikosi kilichopoteza mfungaji wake mkuu. Kama swali ni nani alijenga, ni Nabi. Kama swali ni nani Simba hawangependa kumwona tena siku ya dabi, ni Gamondi. Anayetaka jina moja kwa maswali mawili anatafuta ugomvi.

Na huku Turkana?

Mizani hiyo tuilete nyumbani. Mwalimu anayefundisha timu ya shule hapa Lodwar hupimwa kwa mechi moja dhidi ya shule jirani. Akishinda, ni shujaa. Akifungwa, wazazi na wanafunzi wa zamani wanataka abadilishwe kabla ya muhula kuisha. Hakuna anayeuliza amekuta vijana wangapi wenye viatu, wala wangapi wamemaliza kidato cha nne wakaondoka. Timu ikipanda hadi mashindano ya Bonde la Ufa, husafiri kwa barabara mamia ya kilomita, na vijana hushuka garini miguu imevimba kukutana na wenyeji waliolala kwenye vitanda vyao.

Kakuma mzigo ni mkubwa zaidi. Kocha hulea kijana miaka mitatu, akawa kiungo wa kutegemewa, kisha jina lake likatoka kwenye orodha ya kuhamishiwa Canada au Australia. Ndivyo Mabil mwenyewe alivyoondoka mwaka 2006. Kwa familia ni furaha isiyo kifani. Kwa kocha ni kuanza upya, bila ada ya uhamisho na bila dirisha la usajili. Gamondi alimpoteza Mayele na klabu ikamnunulia wengine. Wa Kakuma hununuliwa na nani?

Basi wanakamati wa shule na wazee wa timu, kabla ya kumhukumu mwalimu wenu, muulizeni mambo matano. Alikabidhiwa nini? Alipoteza nani njiani? Matokeo yake dhidi ya timu zote yakoje, mbali na jirani mmoja? Ukiondoa siku yake bora na siku yake mbaya, kunabaki nini? Na sisi wenyewe tumembadilisha mtu mara ngapi tukitarajia matokeo tofauti?

Majibu hayo yaandikeni kwenye daftari na tarehe zake, mwaka hadi mwaka. Simba na Yanga wana magazeti ya kuwatunzia kumbukumbu. Mwalimu wa Lodwar na kocha wa Kakuma hawana, na pasipo daftari, kitakachobaki juu yao ni kelele za mechi ya mwisho.